Mwenye lupasi, zijue kingamwili tatu za damu kuganda kabla mguu haujavimba

Watu wengi wenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe) wanaonitafuta hapa Bukavu huja na karatasi moja mkononi: ile ya kingamwili dhidi ya kiini cha seli, ambayo madaktari wetu huiandika AAN. Wachache wanayo na ya pili, ya anti-DNA. Karatasi hizo zina kazi yake. Ya kwanza husaidia kujua kama ugonjwa upo, na ya pili ikipanda daktari huanza kuziangalia figo kwa karibu. Ila hakuna kati ya hizo inayokwambia kama damu yako iko tayari kuganda mahali isipotakiwa. Jibu la swali hilo liko kwenye vipimo vingine vitatu. Mimi naishi na majibu ya vipimo hivyo, na inaniuma kuona dada zangu wanavisikia kwa mara ya kwanza baada ya mguu kuvimba, au baada ya mtoto kufia tumboni.

Mimi ni fundi wa kushona, kibanda changu kiko jirani na soko la Kadutu. Si daktari. Ninayoyaandika nimeyajua kwa kuugua, kwa kuwauliza madaktari wenye uvumilivu, na kwa kusoma kila karatasi niliyopewa hadi niielewe.

Lupasi yangu ilianza kama inavyowaanza wengi: vidole kuuma na kukakamaa asubuhi, nywele kukatika, uso kuwaka nikikaa juani, na homa ambazo kila mara zilitibiwa kama malaria. Kisha mimba ikatoka ikiwa imevuka mwezi wa nne, na ekografia ya kwanza ilikuwa imeonyesha mtoto mzima. Miezi ikapita, nikawa nashona sare za shule, wakati wenyewe wa kazi nyingi, nikaona mguu wa kushoto unachelewa kwenye kanyagio la cherehani. Nikaushika. Shavu la mguu lilikuwa gumu, la moto, na ngozi imevutika hadi inang'aa. Tepu ya kupimia nguo ilikuwa shingoni mwangu kama kawaida, nikaizungusha kwenye kila mguu chini ya goti, usawa uleule. Wa kushoto ulizidi kwa zaidi ya sentimita 3. Baadaye daktari aliniambia kwamba hata wao hupima hivyo, sentimita 10 chini ya ule mfupa unaojitokeza mbele chini ya goti, na tofauti inayozidi 3 ni moja ya dalili wanazozihesabu wanaposhuku donge kwenye mshipa wa ndani.

Nyumbani shangazi alikuwa ameshaweka mawese jikoni yapate moto. «Mwanangu, huo ni ubaridi wa kukaa, lala hapa nikukande.» Nikamwambia, «Shangazi, nisamehe, mguu huu tusiuguse, tutafute pikipiki twende hospitali.» Nawaomba na nyinyi: mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usikandwe, usichanjwe, usifungwe majani ya moto. Donge lililo kwenye mshipa wa mguu linaweza kukatika likasafiri hadi kwenye mapafu, na huko linaua.

Ekografia ya mishipa ilionyesha donge. Daktari wa magonjwa ya ndani aliyenipokea akaunganisha mambo matatu ambayo hadi siku hiyo yalikuwa yametibiwa kila moja peke yake: lupasi, mimba iliyotoka, na mguu. Kabla hata ya sindano ya kwanza ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aliagiza damu itolewe. Namshukuru hadi leo kwa mpangilio huo, na mbele kidogo mtaona kwa nini.

Sasa vipimo vyenyewe. Kwenye damu ya kila mtu mna protini iitwayo beta-2 glikoproteini I, ambayo hupenda kushikamana na mafuta ya fosfolipidi yaliyo kwenye ngozi ya seli. Kwa baadhi yetu mwili hutengeneza kingamwili zinazoiandama protini hiyo. Zikiinasa huamsha ukuta wa mshipa, huamsha plaketi (vile vipande vidogo vya damu vinavyosaidia kuganda), na damu inakuwa tayari kuganda kwa sababu ndogo ambayo kwa mtu mwingine ingepita: maambukizi, upasuaji, uzazi, safari ndefu ya kukaa, vidonge vyenye estrojeni. Kwenye kondo la nyuma hufanya uharibifu wake pia, ndiyo maana mimba zinatoka. Ugonjwa huu, unaoitwa sindromu ya antifosfolipidi, ulielezwa vizuri mwaka 1983 huko London na daktari Graham Hughes na wenzake. Unaweza kumpata mtu asiye na lupasi kabisa, lakini kwa wenye lupasi ni jambo la kawaida: kati ya watu 10 wenye lupasi, 3 hadi 4 hukutwa na angalau moja ya kingamwili hizi.

Kipimo cha kwanza huitwa antikoagulanti ya lupasi. Hiki hakihesabu kingamwili, kinatazama namna damu inavyoganda ndani ya chupa ya labo. Mojawapo ya njia zake hutumia sumu ya nyoka wa Asia, kifutu wa Russell, iliyopunguzwa makali sana: sumu hiyo huamsha kuganda, na fundi wa labo anahesabu sekunde. Kwenye chupa, damu yetu inachelewa kuganda. Ndani ya mwili inafanya kinyume chake. Jambo hili limewaponza wengi, kwa sababu kipimo cha kawaida kinachoagizwa kabla ya upasuaji, TCA, nacho hurefuka, na mtu asiyejua anadhani huyu ni mama atakayevuja damu mezani, kwa hiyo anamnyima dawa ya kuzuia kuganda siku ambayo anaihitaji kuliko wote wodini. Ukiambiwa TCA yako ni ndefu na wewe una lupasi, sema neno hilo: naomba nipimwe antikoagulanti ya lupasi.

Cha pili ni antikardiolipini, na cha tatu ni anti-beta-2 glikoproteini I. Hivi viwili huhesabu kingamwili moja kwa moja, na kila kimoja hutoa namba mbili, za aina mbili za kingamwili: IgG na IgM.

Hiyo kardiolipini naomba nikae nayo kidogo, kwa sababu imevunja nyumba za watu. Ni mafuta yaliyopatikana kwanza kwenye moyo wa ng'ombe, na ndiyo yanayotumika katika vipimo vya zamani vya kaswende, RPR na VDRL, ambavyo ukoo wake unarudi hadi kipimo cha Wassermann cha mwaka 1906. Vipimo hivyo havitafuti kijidudu cha kaswende chenyewe. Vinatafuta kingamwili zinazoshika mafuta hayo. Mwenye lupasi anaweza kuwa nazo bila kuwa ameguswa na kaswende maisha yake yote. Sasa mfikirie mama mjamzito aliye kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, anaambiwa mbele ya foleni kwamba ana kaswende na amlete bwana yake. Bwana anapimwa, hana kitu.

Hilo lilimpata mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha wanawake wenye lupasi. Aliitiwa kikao cha ukoo. Wakwe walikaa upande mmoja, yeye upande wa pili na mama yake mzazi, na karatasi ya RPR ikazungushwa mkono kwa mkono kama ushahidi wa uzinzi. Alidungwa penisilini. Karatasi ikaendelea kutoka vilevile, na kila ilipotoka hivyo maneno yalizidi. Kituo kilichompima hakikumweleza kwamba kuna kipimo cha pili, TPHA, kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe. Alipokifanya mahali pengine kilitoka bila kitu. Ndipo daktari akamuuliza kama viungo vinamuuma, kama amewahi kupoteza mimba, na hadithi yake yote ikafunguka.

Kwa hiyo nawaomba akina baba mnaosoma hapa: RPR peke yake haimhukumu mkeo. Na wakunga wetu wapendwa, mama mwenye RPR inayoonyesha kidogo, TPHA yake safi, na mimba zilizotoka nyuma, huyo msimwache aende hivihivi. Mpelekeni kwa daktari apimwe hizi kingamwili tatu. Siku hizi vituo vingi vina kipimo cha haraka cha kijikaratasi kinachotafuta kijidudu chenyewe, na hicho hakidanganywi na kardiolipini. Lakini kaswende ya kweli ipo na inaua watoto, hivyo majibu yakithibitika kwa vipimo vyote viwili, tibiwa haraka.

Jambo la pili ambalo nawasihi wenzangu walishike ni muda. Karatasi moja yenye majibu mabaya bado haijasema neno la mwisho. Maambukizi mengi huzifanya kingamwili hizi zipande kwa muda kisha zishuke, na malaria ni mojawapo, nasi hapa malaria tunaijua. Ndiyo maana kanuni zilizokubaliwa tangu mwaka 2006 zinataka kipimo kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi. Zikiwa bado zipo, ndipo zinahesabiwa. Nimewaona watu wawili wakikosea kwa pande mbili tofauti: mmoja alilia akaandika wosia kwa ajili ya karatasi moja, kumbe baada ya wiki 12 hapakuwa na kitu. Mwingine alipata majibu makali, akapona mguu, akaona hana haja ya kurudia, na leo hakuna daktari anayeweza kumwambia kwa uhakika kama aendelee na dawa au aache.

Na mpangilio ule nilioutaja: damu ya antikoagulanti ya lupasi itolewe kabla hujaanza dawa ya kuzuia kuganda, ikiwezekana bila kuchelewesha matibabu. Heparini, warfarini, na hasa vidonge vipya kama rivaroksabani huweza kukichanganya kipimo hicho kabisa, kikaonyesha kitu ambacho hakipo. Hata uvimbe mkali wa mwilini, yaani kipimo chake cha damu, CRP, kikiwa juu sana, hukiharibu. Hizo namba za antikardiolipini na anti-beta-2 haziguswi na dawa hizi, kwa hiyo kama umeshaanza sindano, zipimwe tu, na ile ya kwanza daktari atapanga lini ifanyike.

Kuna na suala la chupa. Antikoagulanti ya lupasi inataka chupa ya kifuniko cha bluu yenye sitrati, ijazwe hadi kwenye alama, wala isizidi wala isipungue. Damu ikishatolewa inazungushwa kwenye mashine mara mbili ili plaketi zote zitoke, na ule utegili (majimaji ya damu yanayobaki) ugandishwe kwa baridi ndani ya saa chache kama haupimwi papo hapo. Mimi niliulizia labo kwa labo hapa mjini. Mahali pamoja kijana wa mapokezi alinijibu kwa heshima, «Mama, hicho tutakuchukulia damu, lakini itasafiri kesho na basi.» Nikamshukuru nikaondoka, kwa sababu damu ya chupa ya bluu iliyolala usiku kucha bila kutengenezwa majibu yake hayaaminiki. Seramu ya zile nyingine mbili inavumilia safari ndani ya boksi la barafu. Kwa hiyo, kama kipimo kinafanyika Kigali, nashauri kwa antikoagulanti ya lupasi uende wewe mwenyewe na mkono wako, damu itolewe hukohuko. Ukivuka mto Rusizi kuingia Rwanda na kupanda basi la Kigali, barabara ile ya msitu wa Nyungwe ni ya saa nyingi za kukaa: omba kiti cha pembeni, kunywa maji, chezesha vifundo vya miguu, na basi likisimama shuka utembee.

Majibu yakija, usitazame tu kama kumeandikwa ndiyo au hapana. Tazama ni ngapi, ni zipi, na ziko juu kiasi gani. Antikoagulanti ya lupasi ndiyo inayobeba hatari kubwa kuliko nyingine ikiwa peke yake. Kwa zile mbili za namba, IgG ina uzito kuliko IgM, na kinachotiliwa maanani ni kuanzia kiwango cha kati, yuniti 40 kwenda juu. Kanuni mpya za mwaka 2023 zinahesabu 40 hadi 79 kuwa kati, na 80 kwenda juu kuwa juu. IgM ndogo ya peke yake haipaswi kumnyima mtu usingizi. Aliye na zote tatu kwa pamoja ndiye aliye kwenye hatari kubwa. Mwaka 2011 Vittorio Pengo wa Padova, Italia, na wenzake walichapisha habari za watu 104 wenye zote tatu ambao walikuwa hawajawahi kupata donge. Hesabu yao ilionyesha kwamba ndani ya miaka 10 takriban 37 kati ya 100 wanapata. Mimi nina zote tatu. Namba hiyo niliisoma nikanyamaza kwa muda mrefu, lakini ndiyo iliyonifanya nisichezee dawa.

Mtu ataniuliza: fedha yangu inatosha kipimo kimoja tu, nianze na kipi? Swali hili naulizwa kuliko yote, na ni la haki, kwa sababu vipimo hivi ni vya dola na vinalingana na ada ya shule ya mtoto. Kama hujaanza dawa yoyote ya kuzuia kuganda na unaweza kufika kwenye labo inayojua kazi, anza na antikoagulanti ya lupasi. Kama umeshaanza dawa, au damu yako lazima isafiri, anza na antikardiolipini IgG. Zungumza na daktari wako, usiagize mwenyewe kwa kubahatisha. Na fedha ya kipimo cha marudio iwekwe tangu siku ya kwanza, wiki 12 hazikawii.

Hizo AAN, anti-DNA, na zile za baridi yabisi, faktari ya rumatoidi na anti-CCP, usizirudierudie ukidhani zitakuambia habari za kuganda. Heri ufanye kipimo cha mkojo cha protini, ambacho ni cha bei ndogo. Lupasi ikishika figo na protini nyingi zikawa zinatoka kwenye mkojo, pamoja nazo hutoka protini zinazozuia damu kuganda, na hiyo ni hatari nyingine, uwe na kingamwili hizi au usiwe nazo.

Ukiwa nazo na hujawahi kuganda, yapo ya kufanya. Kwa mwenye lupasi na majibu makali, madaktari hutoa aspirini ndogo, ile ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku, pamoja na haidroksiklorokwini ambayo kwa kweli kila mwenye lupasi angepaswa kuipata asipokuwa na kizuizi. Watu wanaidharau wakisema ni dawa ya zamani ya malaria. Inatuliza lupasi, inalinda figo, na inaonekana kupunguza madonge. Kipimo chake hakitakiwi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku, na macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka ukishafikisha miaka mitano. Sigara iachwe. Shinikizo la damu lipimwe. Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni visiguswe kabisa, hilo naliandika kwa herufi nzito moyoni. Sindano ya miezi mitatu nayo si chaguo zuri kwetu. Kitanzi, cha shaba au cha homoni, au vidonge vya projesteroni peke yake, ndivyo vinavyopendekezwa.

Ukishaganda, mambo ni mengine. Dawa ni ya muda mrefu, mara nyingi ya maisha, na kwetu wenye kingamwili tatu dawa hiyo ni warfarini au ndugu yake Sintrom. Vidonge vipya visivyohitaji kupima INR, kipimo kinachoonyesha dawa inachelewesha damu kuganda kiasi gani, vinavutia, na vinauzwa farmasi. Lakini mwaka 2018 Pengo na wenzake walichapisha jaribio walilolazimika kulisimamisha kabla ya wakati: watu 120 wenye zote tatu, nusu rivaroksabani, nusu warfarini. Upande wa rivaroksabani 19 kati ya 100 walipatwa na madonge au kuvuja damu kukubwa, upande wa warfarini 3. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaonya zisitumike kwa wagonjwa wa aina yetu. Mtu akikubadilishia dawa bila kuuliza kingamwili zako, mwonyeshe karatasi.

INR ikae kati ya 2 na 3. Ikishuka chini yake hulindwi, ikipita sana unaweza kuvuja damu. Mara nyingi tunaambiwa tuache mboga za majani. Mimi sikuacha. Sombe na lengalenga zina vitamini K, ambayo hupingana na dawa, lakini kinachovuruga INR ni kubadilisha ghafla, wiki moja sombe kila siku, wiki ya pili hakuna. Nakula kiasi kilekile, na bugali yangu na sambaza wangu, na dawa imepangwa juu ya chakula hicho. Ninachokiogopa ni dawa za dirishani. Metronidazoli na Baktrimu huipandisha INR, rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya, na diklofenaki na ibuprofeni huleta vidonda vya tumbo vinavyovuja. Ukilazimika kumeza mojawapo, INR ipimwe mapema. Na sindano za matakoni, ambazo kwetu tunazipenda kupita kiasi, zikatae: kwa mtu aliye kwenye warfarini zinaacha uvimbe wa damu ndani ya nyama. Mwambie mwuguzi, «Dada, nipe kidonge au uweke kwenye mshipa, mimi natumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi.»

Dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo ziwe zinajulikana na kila mtu wa nyumbani: mguu mmoja kuvimba, pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kugoma. Hapa kwetu mtu akianza kukohoa damu, jina la kwanza mtaani ni karuho, yaani amelishwa sumu, na anapelekwa kwa mganga kutapishwa. Kijana asiye na shinikizo la damu akipata kiharusi, wanasema amerogwa. Mpelekeni hospitali kwanza. Na kijana mwenye kiharusi apimwe hizi tatu.

Nimalizie na mimba, kwa sababu barua nyingi ninazopata ni za dada wanaotaka mtoto. Inawezekana. Mimba ikisimamiwa kwa aspirini ndogo na heparini, zaidi ya 7 kati ya 10 hufikia mtoto hai. Ila mpango uanze kabla ya mimba. Warfarini huvuka kondo na huweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa hiyo mwezi ukichelewa tu pima, na daktari akubadilishie uende kwenye sindano za heparini. Usiache mwenyewe ukakaa bila kitu. Haidroksiklorokwini inaendelea mimba nzima. Sindano nilijidunga mwenyewe tumboni, pembeni ya kitovu, nikibana ngozi kwa vidole viwili, asubuhi kabla sijafungua kibanda. Siku za kwanza baba watoto alinishikia taa mkono ukimtetemeka, baadaye akawa ndiye anayenikumbusha saa. Binti yetu alizaliwa mdogo, akalia.

Tangu mwezi wa saba, kwenye kadi ya CPN, daktari awaandikie wakunga mambo haya: majina ya kingamwili zako, dozi ya heparini, ni saa ngapi kabla ya kujifungua isimamishwe (kwa dozi ndogo ni saa 12, kwa dozi kamili ni saa 24 kabla ya sindano ya ganzi ya mgongo), na kwamba baada ya kujifungua irudishwe. Wiki 6 za mwanzo baada ya uzazi ndizo donge hupenda kuja, na ndizo mama wengi huacha sindano kwa kuona kazi imekwisha. Zinunue kabla ya kujifungua, ziwe ndani ya nyumba. Anayerudi kwenye warfarini anaweza kumnyonyesha mtoto bila wasiwasi.